Meno ya Babu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Hujambo huko uliko? Sisi hapa wazima, kila mmoja na kilema chake. Mama goti limemvimba tena, na ukimwambia apumzike anajibu kwamba goti lenyewe halijalalamika. Baba bado anatengeneza lifti. Wiki iliyopita alikwama ndani ya lifti aliyoitengeneza mwenyewe, na wapangaji wakawa wanamchungulia kwenye ufa wakimwuliza kama wamwitie fundi.

Bilauri ya Babu bado iko dirishani. Tangu tumzike hakuna aliyeruhusiwa kuinywea. Juzi mama alitaka kuitilia maua. Baba aliinuka, akayatoa, akaikausha, akairudisha pale pale, kama vile Babu atarudi jioni, avue yale meno uliyomtengenezea na kuyaloweka humo. Tulimzika nayo mdomoni. Nilikwisha kukuambia, lakini najua unapenda kulisikia tena.

Sasa jambo langu. Nimealikwa kwenye mkutano wa watu wanaotunga hadithi za kwenye skrini. Zangu unazijua kwa kuhadithiwa tu: msomaji anafika mahali, hadithi inasimama na kumwuliza, je, uingie au urudi? Anabofya, na kila anakobofya kuna mambo mengine. Nitapewa meza, kishikwambi kimoja na visikizi, watu watapita na kucheza. Hilo naliweza. Lakini kwenye ratiba wameandika pia saa nzima ya “kujuana”, na tumeambiwa tuje na kadi zetu za kugawa. Shangazi, mimi nikiingia chumba chenye watu wanne natafuta kona ya tano.

Utauliza ni hadithi gani. Ni ya mwanamke na nyumba. Mengine siku nyingine.

Yule dereva wetu, Kesho, anaondoka leo na shehena yake ya plasta, ule unga wa mafundi meno kama wewe. Ni mara ya kwanza ameondoka siku aliyosema, kwa hiyo nampa barua hii kabla hajajirekebisha.

Mwanao,
Kimya


20 Februari

Kimya wangu,

Salamu nyingi kama vumbi la plasta, nalo huku limefika hadi kwenye sukari. Mwambie mama yako goti halilalamiki kwa mdomo, linalalamika kwenye ngazi. Na kaka yangu mwambie aiache bilauri ilipo. Sikuweza kuja kumzika baba yangu. Basi meno yangu yalikwenda kwa niaba yangu.

Mimi nipo. Madaktari wananiletea alama za vinywa vya watu, mimi nachonga nta, namimina, napiga tupa, nawarudishia meno. Sioni uso hata mmoja, ila mjini hapa nawajua watu wengi kwa taya zao. Chumba cha mbele ndiyo karakana, cha nyuma ndimo ninamolala, na mlango wa nyuma wa kwendea uchochoroni nautia komeo hata mchana. Ni maisha mazuri. Usimruhusu mtu akuambie si mazuri.

Kuhusu kujuana: hakuna aliyezaliwa anajuana na watu. Mwendee mtu mmoja, mwulize anafanya kazi gani, halafu nyamaza, maana kunyamaza unakuweza. Watu hupenda sikio kuliko mdomo. Na wewe ukiulizwa jibu mpaka mwisho, usimkate mtu kwa ndiyo na hapana kama hakimu mwenye njaa. Kimya kingi kina mshindo, walisema, lakini mshindo nao lazima siku moja usikike.

Ila hiyo hadithi. Mwanamke gani, na nyumba ya nani? Umeipita mbio sana hapo, na wewe si mtu wa mbio.

Barua zetu zisitaje mji, kama kawaida.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti la mama limepungua, baba ana mafua na amekuwa mfalme, anaitisha uji kwa kengele. Wote wanakusalimu.

Nimerudi, na nimefanya kama ulivyoniambia. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya meza yangu nikiwatazama watu wanavyobofya. Niliogopa kwamba hawatafika mwisho. Walifika. Mwanamke mmoja mtu mzima alivua visikizi akaniuliza kama yule bibi wa kwenye hadithi ni mzima, na alikuwa na machozi. Nikampa kadi.

Ilipofika saa ya kujuana nilikwenda chooni mara mbili. Mara ya tatu niliogopa watadhani ni mgonjwa, nikabaki ukumbini nikiwa nimeshika glasi ya maji kama mtu anayesubiri basi. Ndipo alipokuja bwana mmoja. Suti ya kijivu, viatu safi mno, kitambulisho chake cha shingoni kimegeuka, kwa hiyo jina sikuliona. Alisema hadithi yangu ameicheza tangu asubuhi, mara nyingi, na kwamba anatafuta kazi za vijana za kudhamini. Shangazi, alikuwa ameisoma kweli. Wasomaji karibu wote huanza mlango wa mbele. Yeye alizunguka moja kwa moja nyuma. Aliniuliza maswali ambayo hata mwalimu wangu hakuyauliza: nimejuaje namna nta inavyonuka ikiwaka, plasta huchukua muda gani kukauka. Nilimwambia nina mtu wa karibu. Akacheka, akasema mtu wa karibu ndiye kisima cha kila mtunzi. Nikamjibu mpaka mwisho, kama ulivyonifundisha. Nilimweleza hata habari za Kesho na lori lake la buluu, jinsi anavyozungusha vifaa vya meno mji hadi mji akichelewa kote. Alicheka sana hapo. Ungemwona ungetaka kumrekebisha: ana tabasamu zuri, lakini jino moja la mbele, la juu upande wa kulia, ni jeupe kuliko mengine yote, kama kigae kipya kwenye ukuta wa zamani.

Nilirudi nyumbani nikitembea juu ya mawingu. Kwa mara ya kwanza niliongea na mgeni nikasahau mikono yangu iko wapi.

Naona nimekwisha kusema hadithi inahusu nini. Ndiyo, mwanamke wa kwenye hadithi anatengeneza meno. Ila mji nimeubadilisha, na nyumba nimeipaka rangi nyingine.

Kimya wako


27 Machi

Kimya,

Mko wazima, nimeelewa. Mimi mzima.

Kesho amesimama mlangoni ananisubiri, kwa hiyo naandika mafupi.

Jino bandia halizeeki. Unaliweka mdomoni likiwa limefanana kabisa na majirani zake. Miaka inapita, majirani wanabadilika rangi kwa chai na kwa umri, lenyewe linabaki vile vile. Ndiyo maana baada ya miaka linaonekana. Mimi nilitengeneza jino moja la mbele, la juu upande wa kulia, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Mume wangu alikuwa amevunja lake kwa kuanguka. Mwaka wa pili nilianza kuanguka mimi.

Nijibu haya, na usinipambie. Akiwa anasikiliza, anakutazama mdomo badala ya macho? Anakushukuru kila unapomaliza sentensi? Alikugusa kiwiko?

Hiyo hadithi iondoe. Kadi yako anayo?

Ulikuwa mdogo, huwezi kuukumbuka uso wake, na hatukuacha hata picha moja. Hilo ni kosa letu sisi, si lako. Lakini kuna jambo moja nataka ulijue. Katika maisha yake alimwogopa mtu mmoja tu, baba yangu. Mzee hakumpiga, hakumtukana. Ilikuwa akiusikia tu mkongojo wa baba uani, anainuka na kutoka kwa mlango mwingine. Sikujua sababu, na sikuuliza.

Shangazi


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nitasalimu baadaye.

Ndiyo. Mdomo. Ndiyo, alinishukuru kila mara, nikadhani ni adabu. Na kiwiko, wakati wa kuagana.

Kadi yangu anayo. Amenipigia simu mara nyingi. Mara ya kwanza nilipokea kabla barua yako haijafika, na aliniuliza jambo moja tu: kwa nini hadithi inaishia pale mwanamke anapotia komeo, na kama nimeandika anakokwenda baadaye. Anataka sehemu ya pili. Nilijibu kwamba nafikiria. Sasa sipokei tena, lakini simu inapolia inatembea yenyewe juu ya meza na mimi natoka chumbani.

Hadithi nimeiondoa. Lakini mtu aliyekwisha kuisoma siwezi kuifuta kichwani mwake.

Uliniambia nisipambe. Nilibadilisha mji, rangi ya nyumba, umri wako, urefu wako. Sikubadilisha meno, kwa sababu meno ndiyo yaliyokuwa mazuri. Mwanamke aliyekimbia na kwenda kuwachongea watu wasiomjua tabasamu: nilijaribu kukufanya mshonaji, nikajaribu mwokaji mikate, hadithi ikafa mkononi. Nikarudisha meno, ikaamka. Nilijua, Shangazi. Mahali fulani ndani nilijua, nikasema nani ataiona.

Kuna kitu kimoja sikuweza kukiandika jinsi kilivyo. Babu. Kwenye hadithi yu hai. Ni mzee asiye na meno, anasubiri mwanawe ammalizie, na msomaji akimfungulia mlango anaingia na mkongojo wake na kukaa. Nilijaribu kumwandika akifa. Nilikaa mbele ya skrini siku nzima na sikuweza kuweka hata kitufe kimoja cha kumfikisha msomaji huko.

Nimemwambia baba. Alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini, akauliza Kesho yuko wapi. Tulimfuata gereji. Kesho alikuwa na furaha, akatueleza kwamba kuna bwana mmoja mstaarabu alimkuta kwenye ghala la plasta, akamnunulia chai na maandazi, wakazungumza njia zote anazopita na wateja wake wote wa meno. Akasema, “Nikajiona mtu muhimu, mzee. Nani huwa ananiuliza mimi habari za kazi yangu?” Hata mimi nilijiona mtu muhimu.

Hama, tafadhali. Au njoo. Baba anasema chumba cha Babu ni chako.

Nilikuwa nimeahidi salamu. Mama anakusalimu. Hajui bado.

Kimya


25 Aprili

Kimya wangu,

Salamu kwenu nyote, na mama yako aambiwe, maana mtu anayefichwa jambo ndani ya nyumba yake ndiye atakayelifungulia mlango.

Acha kulia. Najua unalia kwa jinsi herufi zako zinavyoegemeana. Kosa umelifanya la mtu anayependa, na mimi makosa ya namna hiyo siyaiti dhambi, nayaita hasara.

Sihami leo. Nimehama mara tatu. Kila mara naacha meza, naacha tanuri dogo, naacha watu waliozoea kunisalimu asubuhi. Nimechoka kuwa mtu anayeanza. Hapa kuna mwalimu mmoja mstaafu nimemfikisha katikati: kinywa chake kiko kwangu mezani kikiwa na meno ya juu bila ya chini. Nikimaliza hayo ndipo nitakapofikiri. Usinisukume.

Umeniuliza, bila kuandika, kama naogopa. Jana kulikuwa na mtu amesimama ng’ambo ya barabara kwenye duka la vioo vya magari. Hakununua kitu. Nilijiambia ni mteja. Leo hayupo, na kutokuwepo kwake kunanisumbua kuliko kuwepo kwake.

Nikuambie jambo, usicheke. Nimefurahi umemwacha baba hai humo ndani. Hata mimi sikumwona akifa. Kwangu pia bado anasubiri meno.

Kama huyo bwana amesoma, basi naye anaamini baba yu hai. Mliyafanya mazishi yale kimyakimya ili asije. Hakuna aliyemwambia.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Kesho amerudi bila barua. Anasema alibisha, ukafungua kidogo, ukachukua plasta, ukasema huna cha kutuma. Anasema hukumtania kuhusu kuchelewa, na alikuwa amechelewa mno. Nilimwuliza kama kulikuwa na mtu ndani. Akasema hakuona mtu, ila alinusa manukato.

Labda ni mteja. Labda daktari mmoja ametuma mtu. Naandika labda kwa sababu mkono unahitaji la kuandika.

Mwalimu mstaafu amepata meno yake ya chini? Niambie hilo tu. Neno moja.

Kimya


20 Mei

Kwa mtoto wa kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya pamoja na wazazi wako, kama nami nilivyo kwa uwezo wa Mungu.

Nia ya kukuandikia ni kukujulisha habari njema. Mume wangu na mimi tumekutana tena na tumesameheana. Amekuwa mwema sana kwangu. Amesoma hadithi yako na anakupongeza kwa kipaji chako. Mwisho wa mwezi huu tutahama kwenda mbali kuanza maisha mapya. Tutakapofika itakuwa vigumu kuandikiana, kwa hiyo msiwe na wasiwasi mkiona kimya, na msinitafute. Dereva asilete tena plasta, ila apite mara moja ya mwisho kuchukua vifaa vyangu, navyo awagawie wanaohitaji.

Wasalimie wote. Hasa msalimie sana baba. Mwambie meno yake yako tayari, nimeyakalia muda mrefu naomba anisamehe, na aje kuyachukua mwenyewe kabla hatujaondoka, maana hayawezi kuvaliwa na mtu mwingine.

Wako,
Shangazi


22 Mei
(Hii sitaituma)

Shangazi,

Naandika hii ya kweli kwanza, ndipo niweze kuandika ile ya uongo. Utakayoipata ni nyingine.

Kesho alileta barua yako jana. Alisema mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye viatu safi aliyejiita mumeo, ndiye yule yule aliyemnunulia chai. Wewe ulikuwa umekaa mezani nyuma yake, mikono juu ya meza, hufanyi kazi. Kesho alimpa barua yangu ya tarehe nane. Aliifungua yeye, akaisoma yeye pale pale, akacheka mahali palipoandikwa manukato. Kisha akampa Kesho hii yako, haikuwa hata na bahasha iliyofungwa. Kesho anasema njia nzima hakuwasha hata redio. Yeye, ambaye huongea hata na taa za barabarani. Alipofika kwetu alikaa kwenye ngazi na kujishika kichwa.

Niliisoma mara ya kwanza nikatafuta sauti yako, sikuipata. Hakuna vumbi, hakuna goti, hujaniita Kimya. Kama ningekuwa sikujui ningesema ni barua nzuri. Nikampa baba. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, mpaka alipofika kwenye salamu. Kidole kikasimama. Mama alimwuliza kuna nini. Akaenda dirishani, akaichukua bilauri, akarudi nayo mezani.

“Dada yangu hasahau maiti wake,” alisema.

Tulikwenda kituoni, baba, mama, Kesho na mimi. Askari wa zamu alikuwa mwanamke, amechoka, ana rundo la kesi za watu mbele yake. Alisoma akasema haoni tatizo: mtu mzima ameandika kwa mkono wake kwamba amerudiana na mumewe. Baba akamwonyesha cheti cha kifo cha Babu, akamwomba aisome tena salamu ya mwisho. Aliisoma. Akaenda kuufunga mlango wa ofisi.

Anasema wakienda na sare na kubisha hodi, mumeo atawakaribisha, na wewe ukiwa na mkono wake begani utatikisa kichwa kwamba uko salama. Ndivyo ilivyokuwa mara ile ya kwanza, baba alinieleza jana tu: askari walikuja, wakanywa chai yenu, wakaondoka. Kwa hiyo lazima kwanza mtenganishwe. Lazima atoke chumbani peke yake, kwa miguu yake mwenyewe, na wewe ubaki.

Nilisema naweza. Wote walinitazama. Sikuwahi kusema naweza mbele ya watu wanne.

Barua utakayoipata nimeitunga kama ninavyotunga hadithi zangu. Msomaji si wewe, ni yeye. Najua anapoanzia. Najua mlango anaoupenda. Nimempa sentensi moja baada ya nyingine, na kila sentensi inafunga njia moja, mpaka ibaki moja tu. Uchochoroni, nyuma, watakuwepo yule askari na wenzake wa huko. Barua anaishika Kesho. Anasema ataibana chini ya boksi tupu la kuchukulia vifaa vyako. Baba atashuka kwenye lori akiwa amevaa koti la Babu, na mkongojo wa Babu mkononi. Amefanya mazoezi ukumbini kwetu leo asubuhi, hatua mbili na kugonga, hatua mbili na kugonga, na mama akaingia jikoni akafunga mlango.

Kuna njia ambayo sijaiziba. Anaweza kukushika akatoka na wewe. Nimeigeuza hadithi kila upande na kila mara njia hiyo ipo. Nimeweka sentensi moja ya kukuweka mezani, na uzito wake wote ni neno la mzee ambaye hayupo. Kama haitoshi, sijui.

Mimi nitakuwa ndani ya lori, sakafuni, kati ya mifuko. Baba alikataa. Nikamwambia hadithi ni yangu.


22 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera sana. Barua yako imetujaza furaha nyumba nzima. Mama amepiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Baba anasema yaliyopita si ndwele, na mtu akirudi kwake amerudi. Mpe shemeji yake salamu zake, na zangu pia. Mwambie nimefurahi alivyoipenda hadithi yangu, na anisamehe kwa kutopokea simu. Unanijua, naona haya.

Ila nina habari moja ambayo sikuweza kuizuia. Babu amepata salamu zako. Nilimsomea mwenyewe. Tangu aliposikia meno yake yako tayari hatujapata usingizi, anauliza lori linaondoka lini. Baba alimwambia asubiri, safari ni ndefu, tutamletea. Alikataa katakata. Alisema meno ya mtu hayatumwi kwa dereva, na kwamba ana maneno ya kumwambia mkwewe ambayo ameyaweka kinywani miaka yote hii kwa kukosa meno ya kuyatamkia.

Basi tumeshindwa. Kesho amempakia kiti cha mbele. Wakati unasoma hii lori limesimama nje na Babu anateremka. Mpeni muda, unajua hapendi kushikwa mkono, na mguu wake wa kushoto umekuwa mzito. Anasema wewe usitoke kumlaki. Anataka akukute mezani pako, umekaa, mikono kazini, kama alivyokuwa akikukuta zamani. Ukiinuka atakasirika, na hasira zake mnazijua nyote wawili. Ataingia kwa mlango wa mbele kama mtu mwenye nyumba.

Bilauri yake amekuja nayo, ameikumbatia njia nzima, hakutaka hata kuiweka chini.

Sina zaidi, Shangazi. Kaa hapo hapo ulipo. Sikiliza barabarani: huo ni mkongojo wake.

Mwanao,
Kimya